Bahari ya Placidi

Konokono alikuwa ametoka majini. Ndicho kitu cha kwanza Restituta alichokiona asubuhi ile: konokono amepanda kioo cha tangi hadi juu ya maji, amejibana pale kama mtu anayekimbia moshi.

Maji yalikuwa yamepungua usiku, chumvi ikabaki, ikazidi. Alichota maji ya mvua kwa kata, akayamimina taratibu pembeni, asiyashtue matumbawe.

Ziwa Nyasa liko hapo chini tu, Mbamba Bay, maji hata macho hayayamalizi. Lakini Placidi hakutaka ziwa. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waruhusiwe, naye akawa mmoja wao, alitaka bahari, tena sebuleni, tena Mbinga mlimani. Akaletewa kwa lori kutoka Dar es Salaam: kioo, mapipa ya maji, samaki wa njano, mawe yenye uhai. Mtu aliyekua akinywa mto mmoja na mbuzi, sasa alionja maji kwa ncha ya ulimi kama padri anayeonja divai.

"Chumvi?" aliuliza, akifunga tai.

"Imeshuka. Kipimo kinaelea penye mstari."

"Maji ya chokaa?"

"Yanadondoka."

"Pete?"

Restituta aligusa pindo la khanga yake. "Nimevua."

"Shaba inaua matumbawe. Nikikuta hata moja limenyauka, leo hii unarudi kijijini Mapera na kisanduku chako. Na wageni wakiwapo, funga kinywa."

Kinywa chenyewe kilikuwa kimefungwa siku zote. Alikuwamo humo tangu nyumba ikiwa ya nyasi, na hakuwahi kumbishia. Alimtazama tu akihangaika na tai, akaifungua, akaifunga tena, ikatoka vilevile kama kamba ya mbuzi.

Wageni walitoka Songea: Mzee Bernadi na binti yake Hildegardi. Placidi alikuwa ameshapeleka posa, na mzee alitaka kwanza aione nyumba atakayokaa mwanawe.

"Shikamoo, baba," Placidi alisema, akainama mpaka tai ikagusa goti. Kisha akawakalisha mbele ya kioo, naye akaketi. "Hawa ni viumbe hai. Chumvi ikizidi kidogo, wanakufa. Chokaa ikipungua, wanakufa."

"Kumbe bahari ni dhaifu hivi," alisema Mzee Bernadi.

Hildegardi alimtazama Restituta, aliyekuwa amepiga magoti na sinia la chai. "Huyu ndiye anayeitunza?"

"Hausigeli. Nilimtoa Mapera. Hakumaliza hata la nne, lakini ukimwelekeza, anaelekea."

"Anaonekana mpole. Nikija, nitabaki naye."

"Baki naye," Placidi alicheka. "Huyo hana pa kwenda."

Restituta aliweka sinia chini. Akainuka, akafungua pindo la khanga, akatoa pete, akanyoosha mkono juu ya maji. Placidi aliinuka nusu, kicheko kikiwa bado mdomoni.

Pete ikazama katikati ya samaki wa njano, ikatua juu ya matumbawe.

"Dada," alimwambia Hildegardi, "ile pete alinivisha yeye, kanisani Mapera."