Foleni Moja

Rungu la kwanza lilimpata fundi viatu begani, kabla hajafika katikati ya daraja. La pili lilimng'oa jino. Akalitema mtoni, akasonga mbele.

"Rudini kwenu Bondeni!" vijana wa Mlimani walipiga kelele. "Kura zenu kapigieni jikoni!"

Zamani Bondeni walikuwa na kituo chao, mlango wa pili kutoka kibanda chake. Mwaka huu wakubwa wameviunganisha vituo: Bondeni na Mlimani, chumba kimoja, foleni moja, ng'ambo ya mto. Paka na panya gunia moja.

Asubuhi mkewe alimshika shati mlangoni. "Kule ndiko mwokaji na wenzake walikomuulia mdogo wako, baba watoto. Wewe watakuacha?"

"Foleni ni moja. Lazima nifike."

Mke alipotoka mbio na kadi ya kura iliyosahauliwa mezani, mume alishapotelea barabarani.

Pale darajani mwashi mwenzake wa Bondeni alipasuliwa kichwa, akageuza. Muuza mkaa naye akageuza. Fundi alimvunja kijana mmoja pua kwa kipaji cha uso, akamng'ata mwingine sikio, akamalizia daraja kwa magoti.

Langoni mwa kituo askari alimpapasa mifuko yote. Damu tu. "Mzee, wewe unaipenda kura!"

"Wa Mlimani nao wako foleni hii hii?"

"Wote. Leo hakuna bwana wala mtwana."

Aliingia akichechemea. Bibi mmoja jirani yake, mwenye mkongojo, akaangua kicheko. "Makubwa haya! Fundi viatu, na kiatu kinambana!"

"Kinabana, mama. Nimekishona mwenyewe."

Kisha bibi akamwona vizuri: jicho limefumba, shati limelowa. Kicheko kikamkauka.

"Pita mbele, mwanangu. Mpisheni jamani, huyu kura yake kailipia."

Wakampisha mmoja mmoja, hata wa Mlimani, macho chini kwa haya. Akapita, akapita, mpaka akafika nyuma ya shingo nene yenye unga wa ngano kwenye ukosi. Hapo akasimama.

"Pita tu, mzee," mtu akamhimiza.

"Hapa panatosha."

Akainama, akalegeza kamba za kiatu, akachomoa kisu cha kukatia ngozi.

"Mwokaji," akanong'ona, "mdogo wangu anakusalimu."