Ngiri na Mchimbaji Asiyeonekana

Palikuwa na Ngiri, mwingi wa shaka, aliyempa Fuko kazi ya kuchimba mfereji wa maji chini ya pango lake. Kwa kuwa hakumwona akichimba, hakumwamini. Fuko alipoita kutoka chini, Ngiri alimkatiza: "Niambie umefika wapi. Mengine sitaki."

Siku moja chini kukawa kimya. "Mvivu huyu amelala," Ngiri akanung'unika, akafukua udongo kando ya pango ili amfumanie.

Akapigwa na butwaa. Fuko alikuwa ameinama, mgongo wake umeshikilia sakafu ya pango iliyopasuka, na juu ya sakafu hiyo watoto wa Ngiri wamelala fofofo.

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Nilikuita nikuonye, bwana, ukaniuliza nimefika wapi."

Ngiri akawatoa watoto, kisha akarudi, akaingiza mgongo wake chini ya mzigo ule.

"Toka, ndugu yangu," akasema. "Umekula?"