Kumbukumbu za Prodyuza

Siku hizi, na abishaye aingie studio aone, rapa na prodyuza wakitaka albamu ya pamoja sharti wachanganyiwe kumbukumbu. Albamu ikitoka, kila mtu hurudishiwa zake. Ya rapa Mbwilo na Kapinga, prodyuza aliyepiga muziki hata kwenye harusi ya Mbwilo, ilitoka juzi.

“Baba Lusajo, tangu lini chai bila sukari?” Tumpe, mke wa Mbwilo, alimcheka mumewe. “Hebu niambie, siku ya harusi nilifanya nini?”

“Ulikanyaga pindo la gauni, ukacheka.”

“Afadhali. Ni wewe.”

Mbwilo alipiga funda la chai. Harusi aliikumbuka yote, ila aliitazama akiwa nyuma ya spika. Kule mbele, kando ya Tumpe, alimwona Mbwilo amekaa, akamwonea wivu mpaka machozi.