Kipoza cha Sikioni

Nsimire alikuwa katikati ya sentensi, akitafsiri kitabu cha mwanamke Mfaransa ambaye hata Wafaransa wenzake wamemsahau. Aliisoma kwa sauti kuipima: "Vitabu niliviandika mimi, akatia sahihi mume wangu, nami nikampikia supu."

Mumewe Birindwa, aliyekuwa akimalizia ugali, alitabasamu. "Hao walisaidiana vizuri."

Sheria ilimtaka kila mtu mzima avae kipoza sikioni. Kifaa hicho kiliondoa hasira katika kila neno lililosemwa, ili nyumba za Bukavu zikae kwa amani. Nsimire alikuwa amekizoea, mpaka alipokutana na mwanamke huyu kwenye karatasi. Kurasa hazina kipoza. Hasira ya mwandishi yule ilimpanda kooni kama yake mwenyewe.

"Birindwa, mimi si mtumishi wako! Tangu tuoane nakuambia uoshe sahani!"

"Asante, Mama Ciza," alijibu, akiisukuma sahani yake upande wa mkewe. "Hata mimi nakupenda."

 Nsimire akang'amua: kumbe miaka yote hiyo mumewe hakuwa amemsikia hata mara moja! Akampa karatasi. "Soma mwenyewe, kwa macho yako."

"Macho yamechoka, mpenzi. Si unisomee tu?"

Alisema hivyo kwa upole mno. Nsimire akagusa sikio lake, akajiuliza mume wake amesema nini hasa.

Akafunika kalamu. Ukurasa ungengoja kesho, na sahani chafu akaziacha palepale mezani.