Sikio la Jackton

Injinia Akello alipobonyeza kitufe, Jackton, fundi mkongwe wa kiwanda cha chai, alipiga magoti mbele ya blowa mpya ya kupuliza hewa ya kukaushia majani, akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye kasha la mashine hiyo na kuubana mpini sikioni.

"Grisi inaingilia wapi?"

"Haina grisi, Mzee."

"Rudia! Nyinyi watu wa digrii mnanong'ona kama mko kwa maombi."

"Shafti inaelea juu ya hewa! Ndiyo chai isipate mafuta!"

Akello alikuwa amechonga mifereji yenye kina kidogo kuliko unene wa unywele kuzunguka shafti, mhimili unaozungusha feni ya blowa. Shafti ikizunguka kwa kasi, mifereji huvuta hewa ndani na kuibana hadi iwe ngumu kama chuma. Kina kikizidi, shafti huyumba. Kikipungua, hukosa cha kuibeba. Miezi minane alitafuta kipimo cha katikati.

Jackton alicheka. "Hewa! Hata baiskeli yangu iko na hewa, na barabara ya Siongiroi huimaliza kabla nifike sokoni."

Wanawake waliosimamia machekecheo ya chai walicheka naye, wakipaza sauti juu ya ngurumo za mashine zao.

Katika kiwanda hicho, beringi, kile kinachobeba shafti, isiyopita sikio la Jackton haikukaa. Kwa miaka thelathini, bisibisi ile ilikuwa imewarudisha nyumbani mainjinia wanne. Blowa hii ikikataliwa leo, ingeenda kwa vyuma vikuukuu, na kazi ya Akello ingeishia hapo.

"Sikiliza bila haraka, Mzee," alisihi. "Ikiwa nzima, haina kelele."

Jackton alifumba macho. Akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyoharibika.

"Takataka," akatangaza. "Inakwaruza. Nasikia chuma ikisaga chuma. Kesho itakuwa imeshika, haizunguki tena."

"Una hakika?" aliuliza Madam Rebeccah, meneja, kalamu ikiwa juu ya fomu.

"Madam, hii hata ng'ombe angesikia. Mpe huyu msichana nauli aende afundishe nasari."

Rebeccah akaanza kuandika. Akello aliinamisha kichwa, akavua ovaroli ya kiwanda taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili.

Mlango wa chumba cha swichi ukafunguka. Kepher, fundi wa stima, akatoka akijipangusa mikono.

"Samahani, Madam Akello," alipaza sauti. "Fyuzi ya blowa yako iliungua tangu asubuhi, ndiyo nimemaliza kubadilisha. Niwashe sasa?"