Macho Manne, Mdomo Hakuna

Walipomfunga mkono wa kulia kwenye kibao, ili sindano ya dripu isichomoke, ndipo mama alipoanza kuogopa kwelikweli. Wa kushoto ulikuwa tayari umevishwa mkanda wa presha. Akauvuta. Muuguzi akaurudisha pale pale. Akauvuta tena.

"Tulia, mama! Hiyo mikono una haja nayo gani? Kazi iko huku chini," muuguzi alisema, akacheka peke yake.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Sakafu ilinuka dawa, na jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye beseni la vyuma.

Mama mkwe alikuwa ameachwa nje. Pale mapokezi aling'ang'ania mlango kama kupe. "Sista, niache niingie naye. Huyu hajifungui bila mimi."

"Kwani mwenye mimba ni wewe?" mkunga alimjibu. "Akina mama mkwe wote mnasema hivyo hivyo. Ndugu haingii."

"Basi soma kadi yake, tafadhali. Kliniki wameandika pale mbele, kwa wino mwekundu."

"Nitaisoma." Mkunga akaichukua, akaiweka juu ya rundo la kadi nyingine, na juu yake akatua kikombe cha chai. Kisha akamgeukia mama, uso kwa uso. "Mimba ya ngapi hii?"

Mama akaonyesha vidole viwili.

"Na wa kwanza mzima?"

Kidole kimoja kikashuka.

"Pole, mwaya," mkunga alisema, na alimaanisha. Akavaa barakoa, akamsukuma ndani.

Mwaka juzi, kwenye chumba kama hiki, walimgeuzia migongo. Migongo miwili mieupe juu ya meza ndogo, kwa muda mrefu. Hakujua lolote mpaka walipomletea kitambaa kilichoviringishwa, chepesi kuliko mkate.

Nyumbani, yeye na mama mkwe walikuwa mabingwa wa vitendawili. Walitegana jikoni wakimenya viazi, na kila kitendawili kilisimamisha visu vyote viwili, ndiyo maana chakula cha nyumba ile hakikuiva mapema hata siku moja. Sasa, ili hofu isimmeze mzima mzima, akajitegea kimoja kimoyomoyo: chumba kina macho manne, mdomo hakina hata mmoja. Jibu lilikuwa limesimama mbele yake, mkunga na muuguzi ndani ya barakoa zao, na halikumchekesha.

Uchungu ukapanda. Mama akasukuma.

Kichwa kilipotokea, mkunga akapapasa shingo ya mtoto kwa vidole, na macho yake yakawa makubwa. "Acha! Usisukume, kitovu kimemzunguka shingoni. Pumua tu."

Mama aliyaona yale macho. Macho kama yale aliwahi kuyaona. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Amtoe, amtoe upesi, wasije wakachelewa tena.

"Nimesema usisukume!"

Akasukuma.

"Mkaidi huyu!" Muuguzi akamchapa kofi la paja. "Unataka kumnyonga mwanao?"

Mama akamkodolea macho, akasukuma.

Jasho lilikuwa likimchuruzika mkunga mpaka puani. "Nishushie hii barakoa, nakosa hewa," akamwambia mwenzake. Iliposhuka hadi kidevuni, akamwinamia mama mpaka pua zikakaribia kugusana. "Usisukume. Mwanao ananyongwa na kitovu. Pumua kama mimi. Hivi. Hu, hu, hu."

Mama akaacha papo hapo. Akapumua, midomo yake ikiifuata midomo ya mkunga, bila kukosea pumzi hata moja.

"Ala! Kumbe unaweza!" muuguzi alisema. "Ulikuwa unataka kubembelezwa tu."

Akampandishia mkunga barakoa. Mkunga akakibana kitovu mara mbili, akakata katikati. Bega likapita, na bega la pili, kisha mama akawa mtupu kama gunia lililomwagwa.

Na wale wawili wakamgeuzia migongo.

Migongo miwili mieupe, juu ya meza ndogo. Viwiko vikienda mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mama akauvuta mkono wa kulia, kibao kikamzuia. Akauvuta wa kushoto, mkanda ukamzuia. Basi akafumba macho. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni, akawa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kupokea habari ya msiba.

Muuguzi akageuka. "Jamani, njoo umwone huyu! Mtoto anataka kupasua paa, yeye anaomboleza. Mama! Mtoto wa kiume huyu, mzima kama chuma! Furahi basi."

Mama hakufumbua macho.

"Mwache," mkunga alisema. "Wengine ndivyo walivyo, mioyo migumu."

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe aliingia kiatu kimoja mguuni, kadi mkononi, duara la kikombe bado limelowa juu yake. Mkunga akamnyang'anya kadi ili amfukuze nayo. Macho yake yakaangukia kwenye ule wino mwekundu: husoma midomo. Akasimama palepale, mkono ukapanda polepole, ukashusha barakoa.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kumpita. Akamgusa mkwewe shavuni mpaka akafumbua macho. Kisha akainua mikono yote miwili mbele ya uso wake, vidole vikaanza kwenda mbio, kama kule jikoni walipokuwa wakitegana: Analia, mwanangu. Hospitali nzima inamsikia.