Sufu ya Kondoo na Shayiri ya Mbuzi

Huko juu mlimani, wanyama walipokuwa bado wanajilimia wenyewe, mbuzi kadhaa na kondoo mmoja walikuwa na shamba la shayiri. Mwaka mmoja shayiri ilipoiva, ikanyesha mvua iliyochanganyika na theluji, na masuke yakaanza kuoza.

Mbuzi walivuna huku wakitetemeka. Kondoo, mwenye sufu nene, alisimama kando akiwahimiza.

"Baridi ni uvivu tu, ndugu zangu," alisema. "Mbona mimi siisikii?"

"Basi shika mundu utusaidie," Bi Mbuzi akamwambia.

"Na nani atawasimamia?"

Akaendelea kusimamia. Mchana kutwa sufu ilikunywa maji, ikawa nzito mno, hata ikamwangusha matopeni. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Theluji ikaanza kumfunika.

"Bi Mbuzi," aliita kwa sauti ndogo, "nakufa."

Mbuzi wakaacha kazi, wakamvuta, lakini hakusogea. Basi Bi Mbuzi akachukua mundu, akamnyoa palepale, wakambeba hadi ghalani. Ile sufu wakaikamua, wakazibia paa lililokuwa likivuja, na shayiri ikapona.

Siku ya sherehe ya mavuno, Kondoo alisimama mbele ya wote, uchi na mwenye heshima zake.

"Nilipoona chakula chenu kinaharibika," alisema, "nilijitolea sufu yangu yote."

Mbuzi wakampigia makofi kwa muda mrefu. Theluji ilikuwa bado inaanguka, na kupiga makofi kunapasha mwili joto.